Wiki Tatu za Mama Deki

Wengi mtaani kwetu hawakulijua jina lake la kwenye kitambulisho. Alikuwa Mama Deki tu, tangu siku zile alipokuwa akiondoka alfajiri kwenda kupiga deki wodi za hospitali kubwa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja bila kuhama idara wala kutamani nyingine. Matroni mmoja aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba katika jengo lile madaktari ni wengi, lakini mtu wa sakafu ni mmoja. Mama Deki aliyasimulia maneno hayo mpaka siku anastaafu, na alipostaafu akaendelea kuyasimulia.

Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, juu ya mwinuko, ngazi kumi na nne kutoka barabarani. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na aliijenga kwa mtindo wake mwenyewe: akirudi na safari nzuri, anaongeza chumba. Kwa hiyo nyumba ilienda kwa urefu kama behewa, vyumba vitano upande mmoja, na korido ndefu ikipita mbele yake kutoka sebuleni hadi jikoni. Zamani ilijaa watu. Ndugu wa huku na huku walisomea pale, wakaolea pale, wakaondoka. Miaka ya mwisho alibaki peke yake, na vyumba vitatu akawa havifungui kabisa.

Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya saba, kapu la sokoni pembeni, nyanya zimebiringika hadi barabarani. Nikamuuliza vipi. Akaniambia anapumzika. Nilipomwinua ndipo nilipoona goti limevimba kama boga. Alipanda zile ngazi saba zilizobaki akiwa ameniegemea, na alipofika mlangoni akageuka akazitazama.

"Nauza," alisema.

Binti yake, kitindamimba, alikuwa amemtafutia nyumba ndogo ya vyumba viwili upande wa pili wa mji, mahali tambarare, ukuta kwa ukuta na kwake. Kilichobaki ni kuiuza hii kwa bei ya kuweza kuichukua ile. Hapo ndipo akaitwa dalali.

Dalali huyu tulimwita Mkoba, maana hakuna aliyewahi kumwona bila mkoba wake wa ngozi, na hakuna aliyewahi kuona kilichomo. Alizunguka nyumba nzima dakika saba. Mtoto wa kwanza wa Mama Deki, mwanamume wa makamo anayefanya kazi ofisi ya bima, alikuwa anamfuata nyuma na simu mkononi.

"Mama," Mkoba alisema walipoketi, "nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hapa unauza kiwanja. Mwenye pesa akija atavunja."

"Avunje nini?"

"Hii." Akazungusha mkono. "Yote. Labda mkitaka iuzwe kama nyumba, mbadilishe madirisha, mtoe dari, muweke vigae kuanzia sebuleni mpaka jikoni, na jiko lenyewe lijengwe upya."

Mwanawe akawa ameshafungua picha kwenye simu: majiko meupe, taa zilizozama darini. Akasema ana fundi wake, na kwamba mkopo atachukua yeye. Alisema kwa moyo mweupe, na mama yake alilijua hilo, ndiyo maana hakumkatiza. Alimwacha amalize picha zote.

"Hilo jiko litachukua muda gani, mwanangu?"

"Miezi mitatu, mama."

"Ina maana sita. Na mimi nitakuwa napanda ngazi miezi sita nikipita katikati ya matofali." Akalinyoosha goti lake taratibu. "Niwaulize kitu. Kuna mmoja wenu amewahi kuiona nyumba hii ikiwa safi?"

Mwanawe akacheka. "Mama, nani asiyejua usafi wako?"

"Nyumba hii si safi. Imefagiliwa. Miaka thelathini na mmoja nguvu zangu zimeishia hospitalini, nilikuwa narudi hapa na mabaki. Watu wakisifu sakafu zangu, wanasifu za kule." Akamtazama Mkoba. "Nipeni wiki tatu. Zikiisha, mlete wateja. Wakitaka kuvunja, wavunje."

Mkoba akasema wiki tatu si nyingi, akanyanyua mkoba wake, akaaga. Alipofika chini ya ngazi nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba kuna kiwanja kizuri kinakuja.

Kabla hajashika hata ufagio, Mama Deki alikuwa na kigingi kingine, na hicho kilikuwa na ulimi. Wifi yake, dada wa marehemu, aliishi mitaa miwili kutoka pale. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kabla ya kustaafu, na sauti yake ilibaki ile ile ya kuita wanafunzi mia nne mezani. Aliposikia habari, alipanda ngazi zote kumi na nne bila kupumua.

"Unauza jasho la kaka yangu?"

"Wifi, karibu ukae kwanza."

"Sikai. Kaka yangu alilala kwenye lori miaka ishirini, leo unaliuza jasho lake?"

"Jasho lake nimelipangusa mimi, wifi yangu. Na soksi zake nimefua mimi. Angekuwepo angeniona navyotambaa kwenye hizo ngazi, angeuza mwaka juzi."

Wifi akageuka akashuka. Kuanzia siku hiyo akipita barabarani anatazama upande wa pili, ambako hakuna kitu cha kutazama ila ukuta wa karakana.

Mama Deki hakuwa na muda wa kununiana. Alijifunga kibwebwe, akaanza na kutoa. Alisema hivyo hivyo hospitalini: huwezi kusafisha chumba kabla hujatoa vilivyomo. Mwanawe alikuja jioni tatu mfululizo baada ya kazi, shingo upande, kubeba. Juu ya makabati walishusha masanduku kumi na moja. La kwanza lilikuwa na sanduku dogo ndani, na ndani ya hilo dogo kulikuwa na mkoba wa safari, na ndani ya mkoba hakuna kitu. Walitoa pasi nne zilizoungua, luninga mbili zilizokufa, seti ya pili na ya tatu ya makochi, maua ya plastiki yaliyokuwa yamegeuka rangi ya majivu, na kitanda cha chuma ambacho hakuna aliyekumbuka kimeingiaje, kwa sababu kilikuwa kipana kuliko mlango.

"Mama, hizi pasi uliziweka za nini?"

"Nilidhani zitakuja kufaa."

"Zote nne?"

"Beba, mwanangu."

Vyombo vizuri vya kabatini, ambavyo havijawahi kugusa chakula kwa kuwa vilikuwa vya wageni, alivigawa kwa mkono wake. Mke wangu alipata mabakuli mawili. Mashati na makoti ya marehemu, ambayo yalikuwa bado yamening'inia, aliyakunja peke yake mlango umefungwa. Hakutoka mpaka saa nane mchana, na alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini furushi limefungwa vizuri. Alijikaza kisabuni, akasema sasa twende madirishani.

Madirisha yalikuwa hayafunguki. Yalikuwa yamepakwa rangi mara nyingi yakiwa yamefungwa, mpaka fremu na mbao zikashikana. Alipitisha kisu butu pembeni kote, polepole, akagonga kwa ngumi iliyofungwa kitambaa, moja baada ya jingine. La chumba cha nne lilipoachia, hewa ilipita korido nzima ikaupiga mlango wa jikoni. Mapazia mazito yaliyokuwa mawili mawili akayashusha, akabakiza mepesi tu, yamefuliwa. Mwanawe alikuja siku hiyo akasimama mlangoni, akauliza kama umewekwa umeme mpya.

Wiki ya pili ilikuwa ya sakafu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa na uhakika siku ile ya kwanza.

Nyumba nzima ilikuwa imefunikwa kapeti la plastiki, lenye maua ya kahawia, limetoboka mlangoni na kukunjamana pembeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitandika miaka kumi na tano nyuma. Chini yake kulikuwa na saruji nyekundu, iliyosawazishwa na fundi aliyeijua kazi yake, ya kung'arishwa kwa nta. Alilitandika kapeti kwa sababu moja tu: siku moja alirudi zamu, akapiga magoti aipake nta sebule yake, akashindwa kuinuka. Akalala pale pale sakafuni hadi mumewe alipomkuta. Kesho yake akaenda kununua kapeti.

Sasa aliling'oa. Chini lilikuwa limeacha gundi nyeusi, vumbi lililoganda, na alama za miguu ya makochi. Alikaa kwenye kigoda kifupi akaanza kukwangua. Baada ya siku nzima alikuwa amemaliza eneo la ukubwa wa meza. Nilipopita jioni aliniambia goti linamwuma, lakini alichonionyesha ni ile meza ya saruji, nyekundu, safi, na akanitaka niiguse.

Alhamisi asubuhi nilisikia vicheko barabarani. Wanawake watatu walikuwa wanapanda ngazi, kila mmoja na ndoo na brashi yake, mmoja amebeba dekio begani kama bunduki. Walikuwa wenzake wa hospitalini, wote wastaafu, wote wamepita sitini. Alikuwa amempigia mmoja kuuliza tu dawa gani hutoa gundi bila kula rangi. Yule hakujibu swali, aliwapigia wengine.

"Kwani umetuona tumekufa?" alisema mrefu kuliko wote akivua viatu. "Sogea hapo. Wewe kaa kwenye kiti useme, kama msimamizi."

Walijipanga korido nzima, ubavu kwa ubavu, kama walivyokuwa wakifanya wodini: wa kwanza anamwagia, wa pili anasugua, wa tatu anakausha. Maji machafu yalitoka ndoo baada ya ndoo, meusi kama kahawa. Waliimba, wakasengenya daktari mmoja ambaye ameshastaafu siku nyingi, wakabishana kuhusu nani aliwahi kumfungia mwenzake stoo.

Kelele zile zilifika mitaa miwili mbele. Saa nne wifi alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Hawa ni nani?"

"Wenzangu wa kazini, wifi."

"Watu baki wanasafisha nyumba ya kaka yangu, na mimi nipo mji huu huu?"

"Sikutaka kukusumbua. Unatazama karakana siku hizi."

Wale watatu wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Wifi akawatazama, akaitazama sakafu, halafu akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zikigongana. Alikuwa ametoa kila kitu kwenye rafu, na kufika mchana lile jiko ambalo Mkoba alitaka livunjwe lilikuwa na ukuta mweupe nyuma ya moto, sinki lisilonuka kwa kuwa alifungua bomba la chini akatoa uchafu wa miaka, na rafu zilizokuwa na vitu sita tu. Akatoka akajifuta mikono.

"Jiko lilikuwa zuri," alisema. "Mlilizika."

Ukaisha ugomvi wao, bila mtu kuombwa msamaha.

Walibishana mara moja tu tena. Ukutani mwa chumba cha tano kulikuwa na ufa, umeshuka kutoka darini hadi usawa wa kiuno. Wifi alileta kalenda kubwa ya picha za wanyama.

"Tunatundika hapa, hauonekani."

"Na mwenye nyumba mpya akiitoa?"

"Atakuwa ameshalipa."

"Hapana, wifi. Hospitalini hatukufunika damu kwa mkeka."

Akaitwa fundi mwashi. Aligonga ukuta kwa kidole pande zote, akaukwangua mpaka kwenye tofali, akasema tofali ni zima, kilichopasuka ni lipu tu, pale chumba kipya kilipounganishwa na cha zamani. Akaziba, akapiga msasa, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi alichokiona na alichokifanya. Mama Deki aliiweka karatasi ile pamoja na hati ya nyumba na risiti za maji. Na bati la nyuma lenye kutu akasema liachwe kama lilivyo, mteja aambiwe.

Wiki ya tatu ilikuwa ya mambo madogo. Rangi walipaka sebule tu na geti, nyeupe ya maziwa ndani na kijani nje. Walibadilisha mpira wa bomba lililokuwa likidondosha, wakatia mafuta bawaba, wakaweka balbu zenye nguvu, wakasugua mistari ya vigae vya bafuni kwa mswaki. Chumba kimoja walikiacha na kitanda na meza, kingine na meza ya kusomea, vingine vitupu, ili mtu aone ukubwa wake. Ijumaa jioni wakapaka nta. Wenzake walipomaliza korido, walirudi nyuma nyuma hadi mlangoni, na ule wekundu ukabaki umelala kutoka sebuleni mpaka jikoni bila alama hata moja, dirisha la mwisho likionekana ndani yake kama kwenye maji.

Mama Deki alibaki kwenye kiti muda mrefu. Wifi akamletea chai.

"Unaona?" Mama Deki alisema. "Nimeipata leo, na kesho naionyesha kwa watu wachukue."

"Unataka kughairi?"

Akafikiri. Akakunywa chai. "Hapana. Nilitaka tu mtu anisikie nikisema."

"Nimesikia," alisema wifi, akaketi chini karibu naye.

Jumamosi wateja walikuja wawili. Wa kwanza alikuwa yule wa kiwanja, bwana mwenye kampuni ya kujenga, ameletwa na Mkoba, futi ya kupimia mkononi. Aliingia akiongea na simu. Hatua tatu ndani akaangalia chini, akaangalia viatu vyake, akarudi mlangoni kuvipangusa. Simu akaikata. Alizunguka polepole, na tuliona akigonga ukuta, akifungua dirisha na kulifunga. Alipotoka alitaja bei iliyopita ile ya kiwanja, na Mkoba akajikohoza kwa furaha.

"Bado kuna wengine wanakuja," alisema Mama Deki.

Wengine walikuwa mshonaji nguo na mumewe mwalimu, na watoto wao wanne ambao waliambiwa wasiguse chochote. Mama Deki aliwatembeza mwenyewe, mkono ukutani. Aliwaonyesha bati lenye kutu kabla hawajauliza. Aliwaonyesha ufa ulipokuwa, akawapa karatasi ya fundi. Mwalimu aliisoma yote, mbele na nyuma.

"Mama, nimeona nyumba tisa," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza niliyoambiwa ubaya wake na mwenyewe."

Mkewe hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama chumba cha pili, dirishani.

"Cherehani inakaa hapa," alisema.

"Hapo nilifikiri kitanda cha wavulana," alijibu mumewe kutoka korido.

"Wavulana watalala chumba cha mwisho. Hapa pana mwanga."

Walibishana hivyo chumba hadi chumba, kitanda, kabati, meza ya kusahihishia madaftari. Wifi akamkanyaga Mama Deki mguu taratibu. Mkoba naye alishajua. Mtu akishaanza kugombania mahali pa kabati, ameshahamia. Mwalimu alitaja bei inayoizidi ya yule bwana wa kwanza, tena kwa aibu, kana kwamba anaona ni ndogo. Yule bwana, aliyekuwa bado chini kwenye gari, alipopigiwa akaongeza kidogo. Mwalimu na mkewe wakateta pembeni, wakaongeza zaidi. Bwana akasema basi, awaachie.

Mtoto wa kwanza wa Mama Deki alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Mama yake alipomwambia bei, aliirudia mara mbili, kisha akafuta zile picha za majiko kwenye simu, moja moja.

"Mama, mimi ningeiharibu."

"Ungeipendezesha, mwanangu. Kwa miezi sita."

Alihamia kwenye nyumba yake tambarare kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Hakuwa amemaliza hata kupanga vikombe pale Mkoba alipobisha hodi. Kulikuwa na karani mstaafu, alisema, ana nyumba imechoka, watoto wanataka kuvunja ukuta. Je, mama angeweza kwenda kuitazama tu?

Wifi, aliyekuwa jikoni, alitoka kabla ya mwenye nyumba kufungua kinywa. Alimwambia Mkoba kwamba Mama Deki hapigi magoti, anakaa kwenye kiti na kuelekeza. Kwamba kazi ni wiki tatu, bila kupungua hata siku moja. Kwamba wapo wanawake watatu wanaokuja na brashi zao na wanalipwa kila Ijumaa. Na kwamba atakayeficha ubovu wa nyumba, wao wanaondoka. Mkoba aliweka mkoba wake chini, akaufungua, na mle ndani akatoa kalamu na daftari dogo, akaandika yote.

Mpaka leo wameshaandaa nyumba nne, zote zimeuzwa zikiwa zimesimama. Majuzi nilikuwa na mwanawe alipompigia mama yake simu, akitaka kumpeleka kliniki ya goti. Aliweka sauti ya nje nami nikasikia ndoo zikiburuzwa, na wifi akimfokea mtu kuhusu dirisha.

"Mama, uko wapi?"

"Kazini, mwanangu. Nipigie jioni."